Nani anafaa kukaa na mbwa? Wanyama wa nyumbani, rangi na tabaka katika fasihi ya Marekani

Kwetu ukitaka mbwa, unamwambia jirani ambaye jike lake limezaa, naye anakuwekea mmoja mpaka aache kunyonya. Utampa chochote, au hatapokea kitu. Marekani, mtu anayetaka kuasili mbwa au paka huenda kwenye kituo cha wanyama waliotelekezwa, au huomba kwa kikundi cha waokoaji, na vikundi vingi humtaka ajaze fomu. Nyumba ni yako au umepanga? Kama umepanga, iko wapi barua ya mwenye nyumba? Una ua? Uzio wake una urefu gani? Mnyama atabaki peke yake saa ngapi kwa siku? Daktari wako wa mifugo ni nani, tumpigie simu? Vikundi vingine hutuma mtu kabisa aje akague nyumba kabla ya kukukabidhi kamba.

Wanaoandika fomu hizo wanampenda mnyama na hawataki arudi barabarani. Hilo halina ubishi. Ila swali la nani anafaa kukaa na mbwa ni la zamani kuliko vituo vyenyewe, na kwa muda mrefu jibu lake lilitegemea rangi ya mtu na mfuko wake. Waandishi wa Marekani wameliona hilo na kulirudia kizazi baada ya kizazi, kiasi kwamba ukifuata mbwa na paka katika riwaya zao, unaipata historia ya nchi hiyo kwa njia ya uani.

Tuanze na George Washington. Desemba 1792, akiwa rais, alimwandikia msimamizi wa shamba lake la Mount Vernon kuhusu mbwa wa watumwa. Aliamini kwamba watumwa hawafugi mbwa kwa nia njema, wanawatumia kwenye wizi wa usiku. Amri yake: mtumwa yeyote atakayethubutu kumweka mbwa aadhibiwe vikali, na mbwa anyongwe. Wakati huohuo Washington mwenyewe alisifika kwa mbwa wake wa kuwindia mbweha, waliokuwa na majina na vizazi vilivyoandikwa. Shamba lilikuwa moja, na tofauti ilikuwa mkono ulioshika kamba.

Miaka 60 baadaye Harriet Beecher Stowe, mwanamke mzungu kutoka Connecticut, alichapisha Uncle Tom's Cabin (1852), riwaya iliyowachochea wengi wa Kaskazini kuuchukia utumwa. Msomaji wa leo ana haki ya kuikosoa kwa namna inavyowachora weusi kama watu wa upole uliopitiliza. Lakini kuna kisa kifupi ndani yake ambacho hakijachakaa. George Harris, mtumwa, anamsimulia mkewe habari za Carlo, mbwa mdogo ambaye mke huyohuyo alimpa. Carlo alikuwa akilala naye usiku na kumfuata mchana. Siku moja bwana alimkuta George akimlisha makombo ya jikoni, akasema mbwa huyo ananenepa kwa gharama yake, na kwamba hawezi kumudu kila mtumwa awe na mbwa. Akamwamuru amfunge jiwe shingoni amtupe bwawani. George alikataa, akachapwa viboko. Bwana na mwanawe wakamtupa Carlo wenyewe, wakampiga mawe akizama.

Stowe angeweza kuonyesha ukatili kwa viboko peke yake. Alimweka mbwa pale kwa sababu mbwa anadhihirisha jambo ambalo kiboko hakilidhihirishi: mtu asiyemiliki hata makombo hana mahali pa kuweka upendo wake. Kumpenda kiumbe kunahitaji chakula cha kumpa, na chakula kilikuwa cha bwana.

Watumwa waliojiandikia habari zao waliligusa jambo hili kutoka upande wa pili. Frederick Douglass, katika kitabu chake cha 1855, anakumbuka alivyokuwa mtoto mwenye njaa huko Maryland akigombania makombo ya chini ya meza na mbwa aliyeitwa Old Nep. Katika kile cha kwanza, cha 1845, anaeleza siku ya kugawa mirathi ya bwana wake aliyefariki, farasi na wanaume, ng'ombe na wanawake, nguruwe na watoto wakipangwa pamoja na kukadiriwa thamani. Solomon Northup, mtu huru wa New York aliyetekwa na kuuzwa Louisiana, anasimulia mwaka 1853 jinsi alivyokimbizwa na mbwa waliofunzwa kusaka watoro. Aliokoka kwa sababu alijua kuogelea. Wengi hawakujua, anasema, kwa kuwa mabwana hawakuwaruhusu kujifunza, na mto ulipowazuia, mbwa waliwafikia.

Kwa hiyo mbwa alikuwa na sura mbili: wa bwana, aliyefunzwa kukurarua, na wako mwenyewe, aliyekatazwa. Msomaji akisikia leo kwamba baadhi ya Wamarekani weusi wana uhusiano mzito na mbwa wa polisi, aanzie hapa.

Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, ugomvi ulihamia kwenye kodi. Majimbo kadhaa ya Kusini yalitunga kodi za mbwa, na wenye kondoo walilalamika waziwazi kuhusu mbwa wa watu weusi waliokuwa sasa huru. Mwaka 1897 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mbwa wa thamani aliyeuawa na gari la reli New Orleans. Sheria ya Louisiana ilimtambua mbwa kuwa mali pale tu alipoandikishwa kwenye daftari la kodi, na mahakama ikaiunga mkono: mbwa ni mali yenye upungufu, na serikali inaweza kumwekea masharti itakayo. Kesi yenyewe haikuwa ya rangi. Aliyeandika hukumu, hata hivyo, ni Jaji Henry Billings Brown, ambaye mwaka mmoja kabla, katika kesi nyingine iliyotoka New Orleans, aliandika hukumu ya Plessy iliyohalalisha mabehewa tofauti ya weusi na weupe. Sitaki kulitia chumvi hili, ila ni vigumu kulipita.

Huku Kusini kukiwa hivyo, Kaskazini ilikuwa inajenga huruma rasmi. Chama cha kwanza nchini humo cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilianzishwa New York mwaka 1866 na Henry Bergh, mwana wa tajiri wa viwanda vya meli. Mwaka 1869 wanawake wa Philadelphia, wakiongozwa na Caroline Earle White, waliunda tawi la wanawake la chama kama hicho cha jimbo lao la Pennsylvania, na hao ndio waliofungua kituo ambamo mbwa wa mitaani waliweza kutafutiwa makazi badala ya kuuawa tu. Mfumo wa kuasili wanyama tunaouona leo una mizizi pale, mikononi mwa wanawake wa tabaka la juu wenye muda, pesa na imani kwamba walijua nyumba njema ikoje.

Wanaharakati hao walitumia fasihi kwa makusudi. George Angell wa Boston alipotoa chapa ya Marekani ya Black Beauty, riwaya ya Uingereza inayosimuliwa na farasi, mwaka 1890, aliitangaza kuwa ndiyo Uncle Tom's Cabin ya farasi. Taasisi yake ikatangaza shindano la kupata kitabu cha mbwa, na mshindi akawa Marshall Saunders, mwanamke wa Kanada, kwa kitabu cha Beautiful Joe (1893). Kilisomwa na watoto wengi mno. Msimulizi ni mbwa aliyezaliwa bandani kwa muuza maziwa mchafu na mvivu aitwaye Jenkins, anayemkata masikio na mkia kwa shoka. Kijana apitaye na baiskeli anasikia kilio, anamwokoa, na mbwa anahamia kwa familia ya mchungaji. Mbwa halisi aliyeleta wazo hilo aliishi Ontario. Mwandishi alihamishia kisa Maine kwa ajili ya wasomaji wa Marekani.

Tazama ramani ya kitabu hicho. Ukatili unaishi kwa maskini, kwenye zizi linalonuka. Wema unaishi kwa mchungaji, kwenye nyumba yenye vitabu na chai. Hakuna anayeuliza Jenkins alikuwa akilipwa kiasi gani kwa maziwa yake. Kisa cha kumtoa mnyama kwa watu wabaya na kumpeleka kwa watu wazuri kikawa kiolezo, na bado kinatumika. Angalia video yoyote ya uokoaji wa mbwa: kuna kabla, kuna baada, na yule aliyekuwa na mbwa kabla haonekani usoni.

Jack London alifuata njia hiyohiyo kwa nguvu zaidi. Katika The Call of the Wild (1903), Buck anaishi kama bwana kwenye shamba la jaji huko California hadi anapoibwa na Manuel, msaidizi wa mtunza bustani, mwenye deni la kamari na mshahara usiotosha familia. Mshahara huo unatajwa kwa sentensi moja tu. Katika White Fang (1906) mambo yanageuka: mbwa mwenye damu ya mbwa mwitu anatoka kwa Wahindi Wekundu, anakutana na wazungu kwa mara ya kwanza, na anawaona kuwa miungu wa daraja la juu kuliko wale aliowazoea. Mwisho wake ni kuasiliwa, tena kwenye shamba la jaji, tena California. London alikuwa na imani za ubaguzi wa rangi zinazojulikana, na hapa alizitia kichwani mwa mnyama, mahali ambapo zinaonekana kama silika.

Zora Neale Hurston, mwandishi mweusi aliyekulia Eatonville, Florida, mji uliotawaliwa na weusi wenyewe, alikitania kiolezo hicho mwaka 1937 katika Their Eyes Were Watching God. Mnyama wake ni nyumbu mzee, mbavu nje, wa mtu bahili aitwaye Matt Bonner. Wanaume wa barazani wanamchezea yule nyumbu, na Janie, mke wa meya, ananung'unika kwamba wanamtesa. Mumewe, Joe Starks, anasikia. Anamnunua nyumbu kwa dola 5 na kumwachia huru ale na kupumzika. Mji mzima unashangilia, na Janie anatoa hotuba yake: Lincoln alikuwa na Marekani nzima ya kutawala, akawaacha huru weusi. Wewe una mji, umemwacha huru nyumbu. Inabidi mtu awe na uwezo ndipo aachie kitu huru.

Ni sifa, na ni kisu. Maana Joe huyohuyo amemkataza mkewe kukaa barazani na watu wa kawaida, anamlazimisha kufunika nywele kwa kilemba akiuza dukani mwake, na nyumbu anapokufa, mji unapofanya mazishi ya mzaha porini, Janie anazuiwa kwenda kwa kuwa yeye ni mke wa meya. Hapo nyuma bibi yake alikuwa amemwambia kwamba mwanamke mweusi ndiye nyumbu wa dunia. Hurston anatuachia tujumlishe wenyewe: nyumbu mmoja ameachiwa, mwingine yumo dukani amefungwa kilemba. Sijui maandishi mengine yanayouchambua wema wa mwenye uwezo kwa ucheshi namna hiyo.

Toni Morrison hakucheka. The Bluest Eye (1970) inaanza na maneno ya kitabu cha kufundishia watoto kusoma: hii hapa nyumba ya kijani na nyeupe, ina mlango mwekundu, hii hapa familia, huyu paka, huyu mbwa anayekimbia. Kisha maneno yaleyale yanarudiwa bila nukta, halafu bila nafasi, hadi yanakuwa ukuta wa herufi. Paka na mbwa wamo kwenye orodha ya vitu vinavyoifanya nyumba iwe nyumba, na Pecola Breedlove, msichana mweusi maskini wa Lorain, Ohio, hana hata kimoja.

Sura ya paka inastahili kusomwa polepole. Geraldine ni mwanamke mweusi wa tabaka la kati, mwenye nyumba safi ya mapazia na vitambaa vya kufuma. Amemfundisha mwanawe, Junior, tofauti baina ya weusi watulivu na nadhifu kama wao na wale wengine, wachafu na wenye kelele. Mtoto anaogeshwa, anapakwa losheni, anavalishwa vizuri, ila habembelezwi. Anayebembelezwa ni paka, mweusi tii mwenye macho ya buluu. Siku moja Junior anamwita Pecola ndani kwa hila, anamrushia paka usoni, kisha anamfungia chumbani. Paka anamjia Pecola na kujisugua miguuni pake. Yeye anayapenda yale macho, kwa sababu macho ya buluu ndiyo anayoyaomba kwa Mungu kila usiku. Junior anaporudi na kuona wamepatana, anamshika paka mguu mmoja wa nyuma, anamzungusha hewani na kumwachia. Mnyama anagonga dirisha na kuangukia juu ya kipasha joto, nyuma ya kochi.

Geraldine anaingia. Junior anasema ni huyu msichana. Geraldine anatazama gauni lililochanika, nywele zisizochanwa, viatu vilivyotopea tope, na anamwona mtu wa aina ambayo yeye ameikimbia maisha yake yote. Anamtukana, anamtaja weusi wake ndani ya tusi, anamfukuza. Mwenye matusi na mwenye kutukanwa ni weusi wote wawili. Paka ndiye mpaka kati yao: nyumba inayoweza kufuga mnyama wa kubembeleza tu, asiyelinda kitu, imeshavuka upande wa pili. Baadaye kwenye kitabu, mganga wa uongo anamtumia Pecola kumpa sumu mbwa mzee bila yeye kujua, akimwambia kwamba mbwa akionyesha jambo la ajabu, macho ya buluu yatakuja. Mbwa anatapatapa na kufa mbele yake, na mtoto anaichukua hiyo kuwa ndiyo ishara.

Tangu miaka ya 1980 mzigo mkubwa wa mjadala huu umebebwa na aina moja ya mbwa, pitbuli. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani walimwona kuwa mbwa wa familia na hata walimchora kwenye mabango ya vita. Kisha akahusishwa na vijana weusi na Walatino wa mijini, magazeti yakajaa hofu, na miji ikaanza kumpiga marufuku. Denver ilimkataza mwaka 1989, na marufuku hiyo ilidumu hadi wapiga kura walipoiondoa mwaka 2020. Kuumwa na mbwa mwenye taya kama zile ni jambo la kweli na la kutisha, lakini wengi walioitwa pitbuli waliitwa hivyo kwa kutazamwa kichwa tu, na vipimo vya vinasaba mara nyingi vimekuja kusema jingine.

Jesmyn Ward alimchukua mbwa huyohuyo na kumweka katikati ya Salvage the Bones (2011), riwaya iliyopata tuzo ya taifa ya vitabu. Tuko Mississippi, kijijini, siku chache kabla ya kimbunga Katrina. Esch, msichana wa miaka 15 mwenye ujauzito anaouficha, anamtazama kaka yake Skeetah akimzalisha China, pitbuli mweupe pe. Familia haina mama, baba ni mlevi, chakula ni tambi za pakiti na mayai yanayotafutwa vichakani. Skeetah anaiba dawa ya minyoo ya ng'ombe kwenye banda la wazungu wa upande wa pili wa msitu ili kumtibu mbwa wake, na anafukuzwa na mbwa wa mwenye shamba. Ward hamsafishi kijana huyu. Anampeleka China kupigana akiwa bado ananyonyesha, na damu inaelezwa bila kupunguzwa. Na bado msomaji hawezi kusema kwamba Skeetah hampendi. Fomu ya kuasili ingemkataa kwenye swali la kwanza: hana uzio, hana daktari, hana barua. Maji yanapoingia, anamwachia China ili amwokoe dada yake.

Ukweli wa Katrina, Agosti 2005, ulikuwa karibu na riwaya. Mabasi na makambi mengi ya kuwahamisha watu hayakupokea wanyama. Maelfu ya mbwa na paka waliookotwa baadaye walisafirishwa majimbo mengine na kupewa familia mpya. Wenyewe walipojitokeza, wengi wao weusi na maskini, waliokwishafilisika kila kitu, baadhi waliambiwa hapana, na kesi zikafika mahakamani. Hoja moja iliyosikika ni kwamba mbwa alikuwa na minyoo ya moyo au hakuhasiwa, kwa hiyo hakuwa akitunzwa. Minyoo hiyo huenezwa na mbu, na pwani ya Ghuba ya Mexico ina mbu wa kutosha. Kinga yake ni dawa ya kila mwezi, inayolipiwa. Mwaka 2006 Bunge lilitunga sheria inayozitaka serikali za majimbo na miji ziwafikirie wanyama wa watu katika mipango ya maafa, lakini swali la nani alikuwa mwenye mbwa halali halikutatuliwa na sheria hiyo.

Ulinganishe na The Friend ya Sigrid Nunez (2018), nayo ikapata tuzo hiyohiyo. Mwandishi wa Manhattan anarithi mbwa mkubwa kama ndama kutoka kwa rafiki aliyejiua. Fleti yake ni ndogo na mkataba unakataza mbwa. Naye si tajiri, kodi yake ni ya chini kwa sababu inalindwa na sheria, na akifukuzwa hana pa kwenda. Anachokuwa nacho ni mtaalamu wa afya ya akili, na mtaalamu anaandika karatasi inayosema mbwa huyu anahitajika kwa ajili ya hali yake. Skeetah na huyu mama wanafanana kwa mapenzi na wanatofautiana kwa karatasi.

Hapo ndipo fomu inapokutana na takwimu. Marekani, takribani kaya 74 kati ya 100 za wazungu zinamiliki nyumba wanamoishi. Kwa weusi ni takribani 45. Pengo hilo lina historia ndefu ya benki kunyima mikopo mitaa ya weusi, na lina maana ya moja kwa moja kwenye maswali kuhusu uzio na mwenye nyumba. Msomaji uliyepanga fleti huko unajua nyongeza zake: amana ya mnyama, kodi ya mnyama kila mwezi, na orodha ya aina za mbwa wasiotakiwa. Vituo vingi vimeliona hilo, na miaka ya karibuni baadhi vimeacha ukaguzi wa nyumba, vinazungumza na mwombaji badala ya kumhoji, na vinatoa chakula na chanjo za bei nafuu ili watu wasilazimike kuwasalimisha wanyama walio nao. Vikundi vidogo vya waokoaji ndivyo vinavyoelekea kubaki na fomu ndefu.

Anayetaka kuanza kusoma asianze na London, ingawa ndiye atakayempata kwa urahisi zaidi. Aanze na sura ya paka ya Morrison, kurasa chache tu, kisha aende kwa Ward. Stowe anaweza kusubiri, isipokuwa kile kisa cha Carlo kilichomo sura ya 3.